Noti ya Jenereta ya Abu Zuhair

Kwa miaka tisa Ghinwa alimlaani Abu Zuhair kila siku iendayo kwa Mungu, na hakuwa peke yake. Mtaa wetu mzima wa Zahriyeh ulimlaani. Hapa Tripoli, na nasema Tripoli yetu ya Lebanoni, umeme wa serikali huja saa mbili kwa siku, tena siku hiyo serikali ikiwa na hisani. Saa zilizobaki ni za Abu Zuhair na jenereta yake. Akitaka kuwasha anawasha, akitaka kuzima anazima, nawe uko bafuni na povu la sabuni machoni. Jenereta yenyewe ni kubwa kama lori, imekaa kwenye ua nyuma ya jengo la kina Ghinwa, na ikinguruma vikombe vinatetemeka kabatini. Watu walimwamkia Abu Zuhair kwa heshima kwa ajili ya majokofu yao, akishapita wakamtukana.

Ghinwa alikuwa na sababu ya ziada. Chini ya ngazi za jengo lao kulikuwa na chumba ambacho zamani kilihifadhi mafuta ya kupashia nyumba moto, na humo ndimo alimofanyia mazoezi na bendi yake. Ukuta mmoja wa chumba hicho ndio huohuo ukuta wa ua wa jenereta. Bendi iliitwa Taht al-Daraj, yaani Chini ya Ngazi, maana hawakujisumbua kutafuta jina mbali.

Walikuwa watatu tu. Ghinwa aliimba, na mchana alifundisha jiografia shule ya wasichana. Khodor alipiga gitaa, na mchana alitengeneza simu zilizovunjika vioo. Yamen alipiga ngoma, na huyu alilelewa kwenye zawiya ya babu yake akipiga matari ya zikri kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukiwauliza wanapiga muziki gani, Khodor alisema roki, Yamen alisema zikri iliyopotea njia, na Ghinwa alisema nenda zako. Wimbo wao mmoja ulianza kama dabke, ile ngoma ya harusini, ukageuka kelele za gitaa, ukapumzika katikati kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema, kisha ukaishia kwenye matari. Hawakuwa na kampuni wala meneja. Walirekodi wenyewe, wakatoa wenyewe, na jalada la albamu yao lilichorwa na dadake Yamen kwa rangi za mlango zilizobaki.

Mpenda muziki mmoja wa nchi za mbali aliisikiliza albamu hiyo akaandika kwamba Taht al-Daraj wamefufua kipimo cha sauti kilichozikwa na wahenga wa Mashariki. Walisoma maneno hayo mara tatu. Yamen aliuliza, "Tumefufua nini?" Khodor akasema nyamaza, usimharibie mtu furaha yake. Wakaendelea na mazoezi.

Sasa niseme habari za baba yake. Mzee Fawzi alikuwa mpiga akodiani wa harusi kwa miaka arubaini na kitu. Mtaani hakuna aliyemwita Fawzi. Kwa kuwa hakujaliwa mtoto mwingine, waliitaja kunia yake kwa jina la binti, Abu Ghinwa, yaani Baba Ghinwa, naye aliipenda kuliko jina alilopewa na mamake. Akodiani yake ilikuwa nyekundu, ya Kitaliano, na ndani yake ndimi mbili za chuma zilikuwa zimechongwa kwa tupa na fundi mmoja huko Halabi, nchini Syria, ili zitoe zile sauti zetu ambazo Mtaliano hazijui. Hivyo ndivyo walivyofanya wapiga akodiani wote wa zamani, na wote walifanya kwa hofu. Ukichonga ncha ya ulimi sauti inapanda, ukichonga shina inashuka, na ukishachonga umechonga, chuma hakioti tena. Abu Ghinwa alisema usiku ule wa Halabi hakupata usingizi. Tangu hapo hakumruhusu mtu kuigusa akodiani ile hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kumtoa bibi harusi. Bibi akitoka nyumbani kwao kwenda kwa mume, Abu Ghinwa alimtangulia ukumbini akienda kinyumenyume, akimtazama usoni, akipiga tuni moja aliyoitunga mwenyewe. Alipofika mlangoni alisimama pembeni na tuni ikaisha hapohapo kizingitini. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama wa bibi ndiye aliyelia. Aliwatoa mabibi harusi wa Zahriyeh wote, akawatoa na binti zao. Wake hakumtoa. Ghinwa alifika miaka thelathini na sita, alikuwa na bendi na ramani zake, na hakutaka kuolewa na mtu yeyote aliyeletwa, wala aliyemleta mwenyewe. Mzee hakumlaumu hata siku moja. Alisema tu mara kwa mara, akiifunga akodiani, "Nimewatoa wote isipokuwa wangu," kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Lakini chini ya ngazi hakuwahi kukanyaga. Alisema mle ndani watu wanapiga mabati.

Basi mwaka huu vijana wa mji walilifungua tena jengo la zamani la sinema, wakaweka viti na taa, wakaialika Taht al-Daraj kupiga Jumamosi moja saa kumi na mbili jioni. Miaka tisa walikuwa wamepiga kwenye mikahawa, juu ya mapaa, na mara moja kwenye duka la magodoro, kote huko jenereta zikinguruma nje. Ukumbi wa haki hawakuwahi kuuona. Ghinwa alikuwa na wimbo mpya wa dakika kumi na moja, na wimbo huo alikuwa ameujenga juu ya tuni ya baba yake ya kumtoa bibi harusi. Alitaka apige yeye mwenyewe, jukwaani, ubavuni kwake. Mamake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mzee aliongea kwa uchache. Mkono wake wa kushoto, ule unaovuta mivukuto, daktari alisema umeanza kuchoka na hautarudi. Ghinwa alijua kwamba asipompata mwaka huu hatampata tena.

Alimwomba asubuhi, wakila ful ya maharage kwa mkate na vitunguu.

"Baba, nataka uje upige nasi."

"Nipige wapi? Kwenye mabati?"

"Kwenye sinema. Watu mia tatu."

"Watu mia tatu watakuja kusikiliza mabati? Dunia imekwisha." Akachovya mkate, akatafuna, akameza. "Nivae suti?"

"Vaa suti."

"Kesho nitakuja kuwasikiliza. Mwambie yule Khodor wako anyoe nywele, anaonekana kama ufagio."

Kesho yake alikuja kweli, saa kumi, akodiani kifuani, akishika ukuta. Yamen alimtolea kiti, Khodor akamtolea kahawa. Nyuma ya ukuta jenereta ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Walipiga wimbo ule tangu mwanzo. Kwanza Ghinwa peke yake, sauti tupu, dakika nzima bila chombo, halafu gitaa, halafu ngoma. Mzee alifumba macho. Ghinwa alimwona anatikisa kichwa taratibu. Zamu yake ilipofika alifungua mivukuto, akabonyeza noti ya kwanza ya tuni yake.

Ilitoka vibaya mno. Yamen mwenyewe alikunja uso kama aliyeng'ata limau. Mzee akabonyeza tena, akajaribu noti ya jirani, ikawa mbaya zaidi. Akafungua macho.

"Nani kawapa sauti hii?"

"Sauti gani, ami?" Khodor aliuliza.

"Hii mnayoanzia. Si ya piano, si ya nyuzi za kanuni, si ya filimbi ya ney. Imekaa katikati, imepanda nusu ya nusu. Nyuzi zako unakazia wapi?"

Khodor aliingiza vidole katika nywele zake za ufagio. Kifaa chao cha kupimia noti kilikufa majira ya baridi ya kwanza, kilimwagikiwa supu ya dengu. Tangu hapo yeye alikaza nyuzi kwa kusikiliza sauti ya Ghinwa.

"Na wewe Ghinwa unaitoa wapi?"

"Sijui, baba. Naiona tu iko pale. Nafungua mdomo nayo ipo."

Wakati huo, kwa hiari yake na bila kumwomba mtu radhi, Abu Zuhair akazima mashine ili aongeze dizeli. Taa ikazimika. Chumba kikawa kimya kabisa, na katika kimya kile Ghinwa alifungua mdomo kumwonyesha baba yake ile noti. Haikuwapo. Alitafuta juu, akatafuta chini. Gizani Yamen alianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, akaupiga ukuta kwa kiganja.

"Jenereta! Ya Latif! Miaka tisa tunakaza nyuzi kwa jenereta ya Abu Zuhair!"

"Wahenga wa Mashariki," Khodor alisema.

Walicheka mpaka machozi, wote watatu. Umeme uliporudi na ngurumo nayo, waliisikia waziwazi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa noti moja nene, ileile. Miaka yote hiyo chochote walichopiga nje ya noti hiyo kilikwaruza, basi wakawa wameisogelea kidogo kidogo bila kujua, mpaka wakaihamia jumla. Ghinwa aligeuka kumwangalia baba yake ili wacheke pamoja. Mzee alikuwa anafunga mikanda ya akodiani.

"Hii ya kwangu haigeuki, mama," alisema. "Gitaa linakazwa, wewe una koo. Hii ni chuma. Siwezi kupiga nanyi."

Akaondoka akishika ukuta.

Walijaribu njia iliyokuwa mbele yao. Khodor alitia kipimo kwenye simu, wakakaza kila kitu kwa sauti ya akodiani, wakahamia siku mbili kwenye nyumba ya shangazi yake Yamen kule juu mlimani ambako jenereta haisikiki. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichokuwa hai. Ghinwa aliimba akijihisi amevaa viatu vya mtu mwingine. Sauti ilitoka, ilikaa mahali pake, ikafa hapo. Yule shangazi alipita na sinia la chai akawasifu kuwa leo wanapendeza.

"Umesikia?" Yamen alisema. "Tumekuwa bendi ya hoteli."

Ghinwa alirudi nyumbani akamweleza baba yake ukweli, maana kumdanganya yule mzee ilikuwa kujisumbua.

"Baba, nimejaribu sauti yako. Nimeshindwa."

Abu Ghinwa alikuwa anamenya chungwa. Alimaliza kulimenya, akalipasua, akampa nusu.

"Basi imba yako. Mimi nitakaa mbele nipige makofi kama watu wengine."

Alisema vizuri, bila kisirani, na hapo ndipo palipomuuma Ghinwa. Angalau angegomba. Alikwenda kukaa kwenye ngazi akalia kimyakimya, na akiwa analia alimlaani Abu Zuhair na jenereta yake na ukoo wake mpaka babu wa saba. Yule mtu alikuwa amewanyima usingizi, amewaharibia nguo kwa masizi, na sasa amemnyang'anya baba yake.

Kisha yakaja mambo ambayo yalimfanya amchukie zaidi. Kila siku saa kumi Abu Ghinwa alivaa koti, akatoka, asiseme aendako. Siku ya tatu jirani wa ghorofa ya pili, Umm Sahar, ambaye habari hazimlali tumboni, alimdaka Ghinwa ngazini.

"Baba yako siku hizi anakaa na Abu Zuhair. Humo uani, kwenye kibanda chake kando ya jenereta. Mlango wanaufunga."

"Baba yangu? Na yule?"

"Kwa macho yangu haya. Na Alhamisi hakwenda mkahawani kwa wenzake. Yule rafiki yake mpiga kanuni ameniuliza kama anaumwa."

Hilo lilimshtua Ghinwa kuliko yote. Tangu aache harusi mzee alikuwa na kitu kimoja tu kilichomtoa nyumbani kwa furaha, Alhamisi yake mkahawani, yeye na akodiani, rafiki yake wa kanuni na rafiki yake wa tari, wakipiga nyimbo za zamani na kutukanana. Hakuwahi kuikosa hata wiki aliyomzika mkewe. Jioni alimuuliza.

"Baba, unafanya nini kwa Abu Zuhair?"

"Nakunywa kahawa."

"Kahawa iko hapa."

"Yake ina iliki nyingi. Na ni mtu mzuri. Anaijua mashine ile kama mke. Unajua saa kumi ndiyo saa yake ya haki? Baadaye wanawake wakiwasha mashine za kufulia inalegea."

Ghinwa alitazama vidole vya baba yake. Vilikuwa na vumbi la kijivu kwenye ncha, akadhani ni masizi ya uani, akamletea sabuni. Alijiambia mzee anazeeka, anatafuta mtu wa kuongea naye, na binti yake mwenyewe yuko chini ya ngazi anapiga mabati.

Jumamosi ilifika. Walipeleka vyombo sinema tangu adhuhuri, nyuzi zikiwa zimekazwa kwa noti yao, ile ya ukutani. Ukumbi ulikuwa mzuri hata wakaogopa. Viti vyekundu, taa za pembeni, na juu ya paa mitambo ya sola iliyoleta umeme usio na sauti yoyote. Kimya cha mle ndani kilikuwa kizito. Ghinwa alisimama jukwaani akafungua mdomo kujaribu ile dakika yake ya mwanzo, na ikawa kama siku ile gizani. Alipopewa noti na gitaa la Khodor aliishika, lakini gitaa liliponyamaza iliteleza mkononi. Miaka tisa alikuwa hajaimba peke yake hata siku moja, na hakujua.

Khodor hakukosa ujanja. Alikuwa amerekodi ngurumo ya jenereta kwenye simu. Aliichomeka kwenye spika, ukumbi ukajaa ile noti, na Ghinwa akavuta pumzi. Mara ikakatika. Khodor akawasha tena, ikakatika tena. Juu kwenye kibanda cha mitambo fundi mmoja mwenye miwani aliinua kidole gumba kuwaonyesha kuwa kazi imekwisha.

"Msiwe na wasiwasi, waya wenu mmoja unavuma! Nimeshauua!"

"Usiuue!" Yamen alipiga kelele. "Ni mwenzetu!"

"Nini?"

"Ule uvumaji ni sehemu ya wimbo!"

Fundi aliwatazama kwa huruma. Aliwaambia kwamba ameishi na uvumaji huo maisha yake yote, nyumbani, dukani, hospitalini alikojifungulia mkewe, na kwamba ukumbi huu ndio mahali pekee mjini ambapo haupo. Spika zake zilitengenezwa kuumeza, akasema, na hata akitaka kuuacha zitaumeza zenyewe. Ghinwa aliamua ataanza tu, liwalo na liwe.

Saa kumi na mbili watu walijaa. Vijana wenye fulana nyeusi walikaa na mama zao wenye vitambaa vya hariri, kwa sababu Umm Sahar alikuwa ametangaza jengo zima. Ghinwa aliangalia kiti cha mbele alichomwekea baba yake. Kilikuwa kitupu. Taa zikapungua, watu wakanyamaza, na alisogea kwenye kipaza sauti akiwa hana noti wala baba.

Alifungua mdomo. Aliufunga. Sekunde zilipita, kumi, kumi na tano. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Khodor aliinua mkono kutaka kumgusia uzi, Ghinwa akatikisa kichwa, maana alijua itateleza tena mbele za watu na hilo lingekuwa baya zaidi.

Ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa na Abu Zuhair akaingia, amevaa suti ya kahawia iliyombana tumboni, amebeba kiti cha plastiki. Nyuma yake Abu Ghinwa, akodiani kifuani. Walipanda jukwaani polepole, bila haraka yoyote, kama mafundi walioitwa kurekebisha kitu. Abu Zuhair aliweka kiti, akakijaribu kwa mkono kama kinayumba, akashuka. Mzee akakaa. Hakumtazama binti yake. Alifungua mivukuto, akabonyeza kidole kimoja, na noti ikatoka.

Ilikuwa ile. Nene, ya chini, imepanda nusu ya nusu, ileile ya ukutani, ila hii ilikuwa inapumua. Ghinwa aliisikia ikiingia miguuni kwanza. Huko chini ukumbini sauti nzito ilipasua kimya, sauti ya mtu aliyezoea kuongea kando ya mashine.

"Wallahi hiyo ni mashine yangu!"

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimpa Ghinwa nafasi ya kufuta macho. Kisha aliimba. Dakika nzima aliimba juu ya kidole kimoja cha baba yake, na mkono ule wa kushoto uliochoka ulivuta bila kukatika, mpaka alipousikia ukitetemeka kidogo na kuendelea. Gitaa likaingia, likakuta mahali pake pameandaliwa. Matari ya Yamen yakaingia. Na zamu ya tuni ilipofika, Abu Ghinwa aliipiga yote, noti baada ya noti, na kila moja ilikuwa imekaa sawa na jenereta ya Abu Zuhair. Ghinwa alielewa basi. Si ulimi mmoja, si miwili. Siku kumi mzee alikuwa amekaa kwenye kile kibanda na tupa mkononi, sikio kwenye mashine, akichonga akodiani yake ya Kitaliano ulimi kwa ulimi, ile ambayo hakuruhusu mtu kuigusa kwa kitambaa.

Vumbi la vidoleni lilikuwa la chuma, naye alikuwa amemletea sabuni.

Kule kwenye viti mama mmoja wa Zahriyeh aliitambua tuni. Alitolewa nayo mwenyewe, na binti yake pia. Akapiga kigelegele cha kwanza, Umm Sahar akampokea, na katikati ya kelele za gitaa la Khodor vikapanda vigelegele vya ukumbi mzima, na vijana wenye fulana nyeusi wakageuka kutazama mama zao kwa mshangao. Abu Ghinwa aliinua uso. Hakuweza kusimama wala kwenda kinyumenyume, lakini alimtazama binti yake usoni kama alivyowatazama wale wote, toka noti ya kwanza hadi ya mwisho. Ghinwa aliimba akilia, wala hakujali.

Wimbo ulipokwisha alishika kipaza sauti, akatafuta maneno, akayapata machache.

"Abu Zuhair. Nimekulaani miaka tisa. Nisamehe, na ahsante."

Abu Zuhair alisimama, akakumbuka tumbo, akafunga kifungo cha koti. "Laana nimezoea, binti yangu. Hiyo ya pili ndiyo sijui niiweke wapi," alisema, akakaa, na watu wakampigia makofi yule mtu kwa mara ya kwanza tangu anunue ile mashine.

Baadaye, watu walipokuwa wakitoka, Ghinwa alipiga magoti mbele ya kiti cha plastiki kumsaidia baba yake kufungua mikanda. Aliishika ile mikono miwili akaibusu pamoja na vumbi lake. Alijisikia mtu aliyepewa kitu kikubwa kuliko alichoomba, akaona aibu kwa kila siku aliyofikiri mzee amezeeka tu.

"Baba, umeiharibu," alisema. "Haiwezi tena kupiga na mtu mwingine yeyote. Na Alhamisi yako? Na wenzako?"

"Wale watanitukana kwanza, halafu watakaza nyuzi zao. Kanuni ina nyuzi sabini na nane, itampa kazi mwenyewe, alikuwa ameanza kunenepa."

"Na harusi? Akija mtu kukuomba umtolee binti yake?"

Abu Ghinwa aliifunga akodiani nyekundu, akabana kitufe cha mkanda wake wa ngozi, akaiweka mapajani.

"Zilikuwa zimekwisha, mama," alisema. "Ilibaki moja tu."

Kisha akamwomba amshike mkono, maana ngazi za jukwaa zilikuwa na kiza, na wakashuka pamoja mpaka mlangoni. Kizingitini mzee alisimama pembeni, akangoja yeye atangulie.